Nimeshtakiwa, sijahukumiwa: je, bastola yangu bado ni halali?

“Wakili, shikamoo. Naishi Fort Worth, Texas, nina kadi ya kijani, naendesha lori la masafa marefu. Miezi mitatu iliyopita nilipewa hati ya mashtaka ya wizi wa mzigo wa kama dola 6,000. Sikuiba. Niliegesha trela usiku, asubuhi nikakuta kufuli limekatwa. Niko nje kwa dhamana, kesi bado. Nina bastola niliyoinunua dukani kihalali kabla ya haya yote, na huwa inakaa kwenye kebini kwa sababu nalala njiani. Dereva mwenzangu anasema jaji wa huku huku Texas alishaifuta sheria ya kuwakataza washtakiwa silaha, eti inakwenda kinyume na Katiba, kwa hiyo naweza hata kununua nyingine. Shemeji yangu anasema niitupe mtoni leo leo kabla sijafungwa. Nimsikilize nani?”

Marahaba, ndugu yangu, na pole kwa masaibu.

Usimsikilize hata mmoja. Mwenzako ana habari ya kweli iliyopitwa na wakati. Shemeji yako ana hofu, lakini ameielekeza pasipo. Kinachonitia wasiwasi mimi ni jambo ulilolitaja kwa kupita tu: bastola inakaa kwenye kebini, na kazi yako ni kuvuka majimbo. Nitafika huko.

Tuanze na sheria yenyewe, kwa sababu karibu kila anayeizungumzia huisema vibaya, hata baadhi ya mawakili wenzangu. Ni sheria ya shirikisho, kifungu cha 922(n). Watu huiita marufuku ya mshtakiwa kumiliki bunduki. Kisome mwenyewe: neno “kumiliki” halimo. Mtu aliye chini ya hati ya mashtaka ya kosa linaloweza kumpa kifungo cha zaidi ya mwaka mmoja amekatazwa kusafirisha bunduki au risasi kutoka jimbo moja hadi jingine au nje ya nchi, na amekatazwa kupokea bunduki au risasi ambayo iliwahi kuvuka mpaka wa jimbo au wa nchi. Hilo la mwisho lisikupe matumaini. Bunduki nyingi dukani zimetengenezwa jimbo jingine au ng’ambo, kwa hiyo karibu zote zimeshavuka.

Marufuku ya kumiliki iko kifungu kingine, 922(g), na hiyo humshukia mtu akishatiwa hatiani, pamoja na makundi mengine machache. Adhabu yake hufika miaka 15. Ya 922(n) ni hadi miaka 5. Kwa hiyo sheria ya shirikisho, kwa mshtakiwa, inafanya kama kugandisha hali: ulichonacho nyumbani hakigeuki kosa siku unapopewa hati, ila huruhusiwi kuongeza. Tofauti hii ina historia yake. Mwaka 1938 Bunge la Marekani liliwakataza walioshtakiwa kwa makosa ya ukatili kusafirisha silaha kati ya majimbo. Mwaka 1961 likapanua hadi makosa yote makubwa, hata yasiyo na ukatili. Mwaka 1968 likaongeza kupokea. Mwaka 1986 washtakiwa wakatengewa kifungu chao, lakini kumiliki hakukuongezwa.

Kosa lako, kwa thamani hiyo ya mzigo, kwa kawaida Texas huliweka daraja la chini kabisa la makosa makubwa ya jinai, lenye kifungo cha siku 180 hadi miaka 2. Ni la chini, ndiyo, lakini limevuka mwaka mmoja. 922(n) inakugusa.

“Kupokea” nako kuna mashimo ambayo watu hutumbukia bila kujua. Kununua dukani ni kupokea. Kuazima ya rafiki mkienda kulenga shabaha ni kupokea. Zawadi ni kupokea. Kununua boksi la risasi dukani ni kupokea, hata kama bastola yenyewe ni ya zamani. Na lipo moja ambalo madereva walioishiwa na pesa za wakili hulikimbilia: kuiweka bastola rehani. Kuiweka rehani si shida. Shida ni kuikomboa, kwa sababu mwenye duka la rehani ana leseni ya silaha na lazima akujazishe Fomu 4473 kama vile unanunua upya. Mahakama ya Juu ilishasema hivyo mwaka 1974, kesi ya Huddleston, mtu aliyekomboa bunduki tatu za mkewe huko Oxnard, California, na kuandika kwenye fomu kwamba hajawahi kuhukumiwa.

Sasa kebini. Ukitoka Fort Worth kwa barabara ya I-35 kwenda kaskazini, unapita Denton, unapita Gainesville, halafu unavuka daraja la Red River na upande wa pili ni Oklahoma. Kabla ya lile daraja, bastola yako ya zamani haijavunja 922(n). Baada yake, mshtakiwa amesafirisha bunduki kutoka jimbo moja hadi jingine. Haina haja uwe unaiuza, wala haina haja iwe imenunuliwa juzi. Na ile sheria ya shirikisho inayomlinda msafiri anayepita na silaha iliyofungiwa, bila risasi, kutoka jimbo linaloiruhusu hadi jingine? Inamlinda tu ambaye hajakatazwa kusafirisha silaha. Wewe kwa sasa umekatazwa. Shemeji anakuambia uitupe mtoni; mimi nakuambia usiivushe mto.

Wapo watakaokwambia serikali lazima ithibitishe kwamba ulijua unavunja sheria. Ni kweli, kwa kifungu hiki waendesha mashtaka lazima waonyeshe kusudi. Lakini umeshaniandikia kuuliza, na mimi nimeshakujibu.

Turudi kwa jaji wa Texas. Mwenzako hakuota. Ili umwelewe, lazima kwanza uweke kando mazoea ya nyumbani. Kwetu bunduki ni leseni. Kenya ni Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Tanzania ni ile ya mwaka 2015 ya udhibiti wa silaha na risasi. Mamlaka inakupa, mamlaka inakunyang’anya, na mtu akifunguliwa kesi hakuna anayeshangaa leseni ikisimamishwa. Marekani bunduki imo ndani ya Katiba, Marekebisho ya Pili ya mwaka 1791, na tangu kesi ya Heller ya mwaka 2008 Mahakama ya Juu inasema ni haki ya mtu binafsi. Serikali ikitaka kuibana, yenyewe ndiyo inayopaswa kujieleza.

Juni 2022 ikaja kesi ya Bruen, kutoka New York, ikabadilisha namna ya kujieleza. Zamani serikali ilitosheka kusema sheria inalinda usalama. Baada ya Bruen inatakiwa ionyeshe kwamba sheria ya leo inafanana na desturi ya udhibiti wa silaha ya enzi za waasisi wa taifa hilo. Ghafla mawakili wote tukawa wanahistoria. Nakumbuka wiki nilizomaliza nikisoma sheria za makoloni kuhusu baruti na farasi, nikijiuliza kama hii ndiyo kazi niliyosomea.

Ndani ya miezi mitatu, Septemba 2022, jaji wa mahakama ya wilaya ya shirikisho magharibi mwa Texas akaamua kesi ya Quiroz. Mtu huyu alikuwa na hati ya mashtaka ya uvunjaji wa nyumba, na nyingine ya kutoroka dhamana. Akaenda kununua bastola ya .22, kwenye fomu akajibu kwamba hana hati yoyote. Ukaguzi wa rekodi ukachelewa, na baada ya siku saba akakabidhiwa silaha. Jaji aliitafuta desturi ya zamani ya kumnyima mshtakiwa bunduki, akasema haikuonyeshwa ya kutosha, akakibatilisha kifungu. Majaji wachache wa Oklahoma na Indiana wakafuata njia hiyo. Wengine, New York na hata San Antonio hapo hapo Texas, wakakataa.

Hapo ndipo mwenzako alipoacha kusoma magazeti. Juni 2024 Mahakama ya Juu, kwa kura 8 dhidi ya 1, ikaamua kesi ya Rahimi: mtu ambaye mahakama imemwona ni tishio la wazi kwa usalama wa mwingine anaweza kunyimwa silaha kwa muda, na sheria ya leo haihitaji pacha wake wa mwaka 1791, inatosha wafanane kwa msingi. Rahimi hakuwa anapinga 922(n), alikuwa chini ya amri ya kumlinda mwenza wake. Lakini uamuzi ule ulilegeza kamba. Mwaka huo huo mahakama ya rufaa inayohudumia Ohio, Michigan, Kentucky na Tennessee ikakithibitisha kifungu cha 922(n) katika kesi ya Gore. Januari 2025 mahakama ya rufaa inayohudumia Texas, Louisiana na Mississippi ikaupindua uamuzi wa Quiroz. Kwa hiyo Fort Worth, unapokaa wewe, uamuzi anaoutegemea mwenzako hauna nguvu tena.

Sababu walizotoa ni vizuri uzijue. Zamani hizo, mtu aliyeshtakiwa kwa kosa zito alikuwa anawekwa ndani akisubiri kesi, hasa makosa yaliyobeba adhabu ya kifo, na yalikuwa mengi. Aliye gerezani hana bunduki. Kama wangeweza kumnyima uhuru wote, wanasema majaji, basi kumzuia asipokee silaha mpya huku yuko nyumbani kwake ni jambo jepesi zaidi, na ni la muda.

Mimi sioni kwamba hoja ya upande wa pili ni ya kudharau, na nimewahi kuiandika mahakamani kwa dhati. Wewe hujahukumiwa, Katiba inakuchukulia kuwa huna hatia. Hati ya mashtaka hutoka kwa jopo kuu la raia, na Texas jopo hilo ni watu 12, wakikubali 9 inatosha. Hawapimi kama uliiba. Wanapima kama kuna sababu ya msingi ya kukupeleka mahakamani. Mwendesha mashtaka ndiye anayewaletea ushahidi. Wewe huna haki ya kuingia chumbani humo kusimulia habari ya kufuli lililokatwa, wala wakili wako hana. Wakati mwingine hata jopo halipo, mwendesha mashtaka anaandika shtaka mwenyewe na sheria inalihesabu sawa na hati. Rahimi alisikilizwa na kuonekana ni hatari. Wewe hakuna aliyesema ni hatari kwa mtu yeyote. Unadaiwa kuiba mzigo. Hapo tofauti ni kubwa, na siku moja huenda jaji akaitia maanani kwa mshtakiwa fulani.

Je, mshtakiwa huyo awe wewe? Kwa Texas, naona njia ni nyembamba. Mwaka 2024 mahakama hiyo hiyo ya rufaa, katika kesi ya Diaz, ilithibitisha marufuku kwa mtu aliyewahi kuhukumiwa kwa kuiba gari. Sababu? Enzi za waasisi mwizi wa farasi alikuwa ananyongwa. Kesi ile ilihusu aliyehukumiwa, si mshtakiwa, lakini sina shaka mwendesha mashtaka akikutana na mtu wa wizi wa mizigo ataanza na farasi wale wale.

Na kuna mtego ambao hoja ya Katiba haiufungui kabisa. Ukienda dukani, Fomu 4473 inakuuliza moja kwa moja kama uko chini ya hati ya mashtaka ya kosa linaloweza kukupa zaidi ya mwaka mmoja. Ukijibu ndiyo, mwenye duka hawezi kukuuzia. Naye sheria inambana. Ukijibu hapana, umesema uongo, na uongo ule ni kosa lake peke yake lenye kifungo cha hadi miaka 10. Indiana kulikuwa na mtu anaitwa Holden aliyekiri kosa hilo, kisha jaji akamfutia shtaka kwa kuwa 922(n) yenyewe ilikuwa batili. Mwaka 2023 mahakama ya rufaa ikalirudisha: hata sheria ikiwa mbovu, huna ruhusa ya kuidanganya serikali kwenye fomu. Anayetaka kupinga sheria afungue kesi kwa mlango wa mbele. Wala ukaguzi ukichelewa na muuzaji akakupa silaha baada ya siku tatu za kazi, usidhani umeruhusiwa. Quiroz alipewa yake vivyo hivyo.

Mpaka hapa nimezungumzia 922(n) peke yake. Pengine haiko hata ya kwanza kwenye foleni ya matatizo yako. Toa ile karatasi ya dhamana uliyosaini. Mahakama nyingi huweka humo sharti la kutokuwa na silaha kabisa, na sharti hilo linashika kumiliki, si kupokea tu. Rufaa za kulipinga nazo hazijaenda vizuri. Mwaka 2024 mahakama ya rufaa ya majimbo ya magharibi, katika kesi ya Perez-Garcia, ilikubali sharti la namna hiyo kwa walioshtakiwa mahakama za shirikisho. Kama limeandikwa kwako, bastola iliyo kebini ni sababu ya kukurudisha ndani leo, hata kama hujavuka mto wowote. Na usifikiri kumkabidhi mke wako kunatosha ikiwa inalala kwenye kasha la chumbani na wewe unajua namba. Kisheria bado iko mkononi mwako.

Angalia pia majimbo unayopita. Ohio inamkataza kumiliki mtu aliye chini ya hati ya kosa kubwa la ukatili au la dawa za kulevya. Hawaii inakataza kwa kosa lolote kubwa, ingawa lori halitakufikisha huko. Washington inawabana walio nje kwa dhamana wakisubiri kesi za makosa mazito ya orodha yake. Na kama una kibali cha Texas cha kubeba silaha, kinasimamishwa ukishashtakiwa. Ruhusa ya kubeba bila kibali iliyoanza Septemba 2021 haifuti lolote kati ya haya.

Sasa kadi ya kijani. Hapa naomba utulie usome polepole, kwa sababu Mmarekani aliyezaliwa hapa akivunja 922(n) anahesabu miaka jela, lakini wewe unahesabu na tiketi ya ndege. Sheria ya uhamiaji ina orodha ya makosa inayoyaita mazito, yanayokufungia karibu kila mlango wa msamaha, na 922(n) imetajwa humo kwa herufi yake. Nje ya orodha hiyo pia, kuhukumiwa kwa karibu kosa lolote la kununua, kumiliki au kubeba bunduki kinyume cha sheria kunatosha kumfanya mgeni afukuzwe. Haijalishi umekaa miaka mingapi wala una watoto wangapi raia.

Na kesi ya wizi yenyewe ina meno hayo hayo. Wizi ukitolewa hukumu ya kifungo cha mwaka mmoja au zaidi, hata kikiwa kimeahirishwa na hukulala jela usiku mmoja, unaingia kwenye orodha ile ile. Texas watakuja na ofa tamu: ukiri, hukumu iahirishwe, utimize masharti, kesi ifutwe. Kwa raia ni mpango mzuri. Kwa uhamiaji, kukiri pamoja na masharti kunahesabika kuwa umehukumiwa. Na kwa habari ya silaha, mahakama ya rufaa ya eneo lako iliamua mwaka 2005, kesi ya Valentine, kwamba aliye kwenye kipindi hicho cha kuahirishiwa Texas bado yuko chini ya hati. Kwa hiyo utakuwa umehukumiwa machoni pa uhamiaji na mshtakiwa machoni pa 922(n), kwa karatasi moja.

Mwaka 2010 Mahakama ya Juu ilikuwa na kesi ya dereva wa lori, Padilla, mzaliwa wa Honduras, aliyeishi Marekani kihalali miaka 40 na kupigana Vietnam. Alikamatwa na bangi kwenye lori huko Kentucky. Wakili wake akamwambia asijali, amekaa muda mrefu, hatafukuzwa. Akakiri. Mahakama ikasema wakili wa jinai anawajibika kumweleza mteja wake hatari ya kufukuzwa nchini. Kwa hiyo una haki ya kumuuliza wakili wako, hata wa kupewa na mahakama, na kudai jibu linaloeleweka. Akikuambia “hilo ni la uhamiaji, si langu”, mjibu kwamba aungane na anayelijua kabla hujasaini chochote.

Kuhusu bastola yenyewe, kama sharti la dhamana halipo na unaishi Texas, sheria ya shirikisho inakuacha uibakize nyumbani. Mimi kwa mteja mwenye kadi ya kijani huwa napendekeza iondoke kabisa: iuzwe kwa duka lenye leseni, na risiti ihifadhiwe. Ukimpa ndugu anayeruhusiwa kuwa na silaha akutunzie, inawezekana, lakini akikurudishia kabla kesi haijaisha, huko nako kunaweza kuitwa kupokea. Kutupa mtoni sikubali. Kesi yako ni ya wizi kwenye trela. Polisi wakisikia kuna kitu cha kebini kimezamishwa majini, wataanza kuuliza maswali ambayo sasa hayapo. Hati ikifutwa au ukiachiliwa huru, kizuizi cha 922(n) kinaisha. Ukitiwa hatiani, unahamia 922(g) na hakuna tena cha kugandisha, yote inabidi itoke mikononi mwako.

Haya niliyoandika hayawezi kuchukua nafasi ya mtu atakayeshika makaratasi yako. Mpelekee wakili hati ya mashtaka, karatasi ya dhamana kurasa zote, kadi ya kijani pande zote mbili, na risiti ya bastola kama unayo. Umuulize kwanza sharti la silaha, halafu uhamiaji, na Katiba iwe ya mwisho. Akiona hoja ya Katiba inafaa, ataiwasilisha mahakamani kwa maandishi wewe ukiwa umekaa kwenye benchi bila silaha. Na kama ratiba yako ina mzigo wa Oklahoma wiki hii, mpigie kabla ya kupakia, na umwambie bastola iko wapi kabla hujaigusa.